Tusilifunge Swali

Jioni hii tuzungumze kuhusu Mkristo anapokabiliwa na mtu asiyeamini kwamba Mungu yupo. Amjibu nini, na amjibu vipi?

Tarehe 28 Januari 1948, redio ya BBC ya Uingereza iliwakutanisha watu wawili wajadili suala hilohilo. Mmoja alikuwa padri Mjesuiti, Frederick Copleston, mwenye umri wa miaka 40, aliyekuwa ameanza kuandika historia ya falsafa iliyokuja kufikia majuzuu tisa. Wa pili alikuwa Bertrand Russell, mzee wa miaka 75, mwanahisabati na mwanafalsafa aliyejulikana duniani kote. Mwaka 1927 Russell alikuwa ametoa mhadhara kueleza kwa nini yeye si Mkristo, na mhadhara huo unasomwa mpaka leo. Wawili hawa walijibizana kwa heshima. Walipomaliza, kila mmoja alibaki na msimamo wake.

Mtu anaweza kusema basi mjadala ule ulikuwa kazi bure. Mimi naona kinyume chake. Mimi ni Mkristo, sifichi, na kila ninapousoma mjadala ule natamani Wakristo wa Afrika Mashariki wajifunze kwa wawili hao namna ya kuzungumza na asiyeamini. Ninalotaka kusema jioni hii ni hili: anayetetea imani amepewa kazi ya kulilinda swali. Ahakikishe halizimwi kabla halijasikika vizuri. Anamdai hivyo asiyeamini, na yeye mwenyewe anadaiwa hivyohivyo.

Tuone walivyoanza. Kabla ya hoja yoyote, Copleston alitaka wakubaliane wanazungumza habari za nani. Akapendekeza kwamba wanaposema Mungu wamaanishe nafsi iliyo kuu kuliko zote, isiyo sehemu ya ulimwengu, na ambayo ndiyo iliyouumba. Russell akakubali. Kisha padri akamuuliza kama anadai kwamba inawezekana kuthibitisha kuwa Mungu hayupo. Russell akajibu kwamba hadai hivyo. Msimamo wake ni kwamba hajui. Kwa maneno machache tu, wote wawili walikuwa wamejua wanakubaliana wapi na wanatengana wapi.

Sisi kwa kawaida huruka hatua hiyo. Kijana anarudi kutoka chuoni, anasema mezani kwamba haamini tena, na hapohapo mama anaanza kulia, baba anafoka, mjomba anataja mapepo. Hakuna anayemuuliza, "Mwanangu, Mungu gani huyo usiyemwamini?" Tungeuliza, mara nyingi tungesikia habari za mungu anayegawa magari kwa wanaotoa sadaka kubwa, au mungu aliyetumiwa kumnyamazisha mtoto aliyekuwa anaumizwa na mtu mzima wa kanisani. Mungu wa namna hiyo hata mimi simwamini. Kumbe pengine tungeanza tukiwa upande mmoja, na safari iliyobaki ingekuwa fupi.

Sasa tuingie kwenye hoja zenyewe. Hoja ya kwanza ya Copleston ina mizizi mirefu: iko kwa mwanateolojia Thomas Aquinas katika karne ya 13, na iko kwa Leibniz, Mjerumani aliyefariki mwaka 1716. Inasema hivi. Vitu vyote tunavyovijua vingeweza kutokuwepo. Mimi ningeweza kutokuwepo, kama wazazi wangu wasingekutana. Mlima Kilimanjaro ungeweza kutokuwepo. Jua lenyewe kuna wakati halikuwepo. Kila kimoja kinategemea kingine ili kiwepo, wala hakibebi ndani yake sababu ya kuwepo kwake. Basi ukivikusanya vyote, vya leo na vya tangu zamani, je, mkusanyiko huo umepata kujitegemea kwa sababu tu ni mkubwa? Copleston akasema hapana: ukijumlisha chokoleti na chokoleti, hata ukijumlisha bila kikomo, utapata chokoleti nyingi, hutapata kondoo. Kwa hiyo lazima pawepo kitu cha namna nyingine, ambacho hakiwezi kutokuwepo na ambacho vingine vyote vinakitegemea.

Russell alijibu kwa kisu kikali. Kila binadamu ana mama, alisema, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya binadamu ina mama yake. Hivyohivyo, kila kitu ulimwenguni kinaweza kuwa na sababu, na bado ulimwengu kwa ujumla usiwe na sababu. Alipobanwa zaidi, alisema kwamba kwa maoni yake ulimwengu upo tu, basi. Copleston akajibu kwamba mtu akikataa hata kuketi kwenye ubao wa sataranji, ni kweli hawezi kufungwa.

Msikilizaji, hapo ndipo uzito wa mjadala mzima ulipo. Padri hakumfanya Russell aamini, wala hakudai kwamba amefanya hivyo. Alichofanya ni kuonyesha mahali hasa ambapo mwenzake aliamua kuacha kuuliza. Daktari akiona homa hasemi homa ipo tu, anatafuta kilichoileta. Mwanajiolojia akiona Bonde la Ufa hasemi bonde lipo tu. Maarifa yote ya binadamu yamejengwa juu ya kukataa jibu hilo. Kwa nini basi jibu hilo tulipokee pale tu swali linapofika kwenye ulimwengu mzima? Asiyeamini ana haki ya kusema "sijui". Hilo ni jibu la mtu mwaminifu. Lakini "sijui" huacha mlango wazi, na "hakuna la kuuliza" huufunga. Mkristo anamwomba mwenzake asiufunge.

Kuna pingamizi moja ambalo vijana hulirudia kila mahali: kama Mungu aliumba kila kitu, Mungu naye aliumbwa na nani? Tusilicheke. Katika ule mhadhara wa 1927, Russell alieleza kwamba ni swali hilohilo, alilokutana nalo akiwa na miaka 18 katika kitabu cha mwanafalsafa John Stuart Mill, lililomfanya aiache hoja ya chanzo cha kwanza. Likijibiwa kwa kejeli, tunampoteza mtu. Likijibiwa vizuri, jibu ni kwamba hoja haisemi kila kitu lazima kiwe na chanzo. Inasema kila ambacho kingeweza kutokuwepo kinahitaji maelezo. Mungu tunayemzungumzia si kitu kimoja zaidi katika orodha ya vitu vilivyoanza kuwepo.

Wapo watetezi wanaopita njia ya jirani, wakisema kwamba kila kilichoanza kuwepo kina kilichokianzisha, ulimwengu nao ulianza, basi unacho kilichouanzisha. Mmarekani William Lane Craig aliifufua hoja hiyo katika kitabu cha mwaka 1979, naye hafichi alikoitoa: kwa wanazuoni wa Kiislamu wa zama za kati, hasa al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Nawaambia hili hasa ndugu zangu Wakristo wa Mombasa, Tanga na Unguja, wanaoishi mlango kwa mlango na Waislamu. Mbele ya asiyeamini, wengi wetu tunasimama na hoja tulizoazima kwa majirani.

Hapa kuna tahadhari, na aliyeitoa ni padri na mwanasayansi kwa pamoja. Georges Lemaître wa Ubelgiji alipata upadri mwaka 1923. Mwaka 1927 alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba mwanzo wake ulikuwa kama chembe moja iliyogawanyika. Leo nadharia iliyokua kutokana na mawazo hayo inaitwa mlipuko mkuu. Novemba 1951 Papa Pius XII, akizungumza na wanasayansi mjini Vatikani, aliielezea sayansi hiyo kana kwamba imeshuhudia tendo la uumbaji. Ungetegemea Lemaître ashangilie. Hakufurahi. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia yake ni ya fizikia, na kwamba iko nje ya swali la dini: inamwacha anayemkana Mungu huru kuendelea kumkana.

Fikiria hilo, msikilizaji. Alikuwa na silaha ambayo mtetezi yeyote angeitamani, na hakuitumia. Alijua kwamba ukimweka Mungu mahali ambapo sayansi haijafika, siku sayansi itakapofika utalazimika kumhamisha. Mhubiri anayesimama jukwaani akasema "wanasayansi wamethibitisha kuna Mungu" anawatendea vibaya vijana wanaomwamini, maana siku watakaposoma wenyewe na kukuta si hivyo, watahoji na mengine yote waliyoyasikia kwake. Copleston alijua pia mpaka wa hoja yake. Swali la kwa nini kuna kitu chochote kabisa si swali la darubini, na hakuna darubini itakayolimaliza.

Turudi studioni mwaka 1948. Hoja nyingine iliyoshindaniwa ni ya mema na mabaya. Kambi ya mateso ya Wanazi pale Belsen ilikuwa imekombolewa Aprili 1945, miaka isiyofika mitatu nyuma, na picha zake zilikuwa bado machoni mwa watu. Copleston akamuuliza Russell anatofautishaje jema na baya. Russell akajibu: kama anavyotofautisha rangi ya buluu na ya njano, kwa kuona, jema na baya anavitofautisha kwa hisia. Padri akauliza: matendo ya mkuu wa kambi ya Belsen mimi na wewe tunayaona maovu, lakini kwa Hitler bila shaka yalionekana mema. Kama kipimo ni hisia, tunamwambiaje kwamba amekosea? Russell akasema mtu anaweza kukosea katika hilo kama anavyokosea katika mengine, na mwenye ugonjwa wa manjano huona vitu vya njano visivyo vya njano. Lakini swali liliendelea kumsumbua. Miaka ya baadaye Russell mwenyewe aliandika kwamba hawezi kujilazimisha kuamini kuwa ubaya wote wa ukatili ni kwamba tu yeye haupendi. Ninamheshimu sana kwa hilo. Hakurudi kwa Mungu, ila hakukubali swali lizimwe kwa urahisi.

Na hapa nawasihi Wakristo wenzangu tuache kosa moja kubwa. Hoja hii haisemi kwamba asiyeamini hana maadili. Russell alifungwa jela mwaka 1918 kwa sababu ya kupinga vita, na akafungwa tena mwaka 1961, akiwa na miaka 89, kwa kupinga silaha za nyuklia. Waumini wangapi wako tayari kulipa gharama hiyo kwa ajili ya amani? Anayesema "asiyemwogopa Mungu anaweza kufanya lolote" anamtukana jirani mwema, na anaharibu hoja nzuri. Hoja inauliza kitu kingine. Wote wawili tunajua kwamba kumtesa mtoto ni uovu, hata dunia nzima ikipiga kura kwamba si uovu. Ujuzi huo unasimama juu ya nini? Mkristo anajibu kwamba unasimama juu ya Mungu aliye mwema. Mwenzake akiwa na jibu lingine, tulisikilize hadi mwisho.

Hadi hapa tumekuwa tukimwomba asiyeamini asifunge swali. Sasa zamu inageuka, na kwetu ndipo pagumu.

Asiyeamini ana swali lake, nalo ni zito kuliko yote: kama Mungu ni mwema na anaweza yote, mateso haya yametoka wapi? Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie, mzaliwa wa Australia, aliandika kwamba mambo matatu hayawezi kukaa pamoja: Mungu mwenye nguvu zote, Mungu mwema kabisa, na kuwepo kwa uovu. Mwaka 1974 Mkristo Alvin Plantinga wa Marekani alijibu kwamba hayapingani kimantiki, kwa sababu Mungu akitaka viumbe walio huru kweli, hata uweza wote hauwezi kuwafanya wawe huru na wakati huohuo kuwalazimisha watende mema tu. Wanafalsafa wengi, hata wasioamini, walikubali kwamba amejibu dai lile la kimantiki. Lakini tazama kiasi cha Plantinga. Hakusema anajua kwa nini Mungu ameruhusu msiba huu au ule. Alidai kidogo, na ndiyo maana alichodai kimesimama.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1979, William Rowe, mwanafalsafa asiyeamini, alileta mfano ambao uhuru wa binadamu haugusi. Radi inawasha moto msituni, mtoto wa paa anaungua, analala siku kadhaa katika maumivu makali, kisha anakufa. Hakuna mtu aliyehusika, hakuna aliyejifunza lolote. Mateso hayo yalikuwa ya nini? Wakristo wamemjibu Rowe kwa namna mbalimbali, na jibu lenye nguvu ninalolijua linasema kwamba akili ya mtu ni ndogo mno kuona sababu zote ambazo Mungu angeweza kuwa nazo. Mimi nalikubali. Hata hivyo nakiri kwamba linamwacha mnyama yule pale alipo, na kwamba asiyeamini ana haki ya kuendelea kumwonyesha kidole.

Sasa tazama tunachofanya kwenye misiba yetu. Mama amempoteza mtoto wa miaka minne kwa malaria. Kabla hajamaliza kulia ameshaambiwa kazi ya Mungu haina makosa, ameshaambiwa Mungu amemhitaji malaika, ameshaambiwa asilie sana asije akamkufuru Muumba. Wanaosema hivyo wana upendo, sina shaka. Lakini wamefanya kilekile ambacho Russell alifanya alipoambiwa habari za ulimwengu. Yeye alisema upo tu, basi. Sisi tunasema Mungu ametaka tu, basi. Wote tumezima swali lililokuwa na haki ya kuulizwa, na msikilizaji kijana aliyekaa kwenye kona ya turubai, akiwa na swali hilohilo kifuani, ameondoka akijua kwamba kanisani halitakiwi.

Biblia haikufundisha hivyo. Katika kitabu cha Ayubu, marafiki watatu wanamtetea Mungu kwa ufasaha mkubwa, sura baada ya sura: Mungu ni wa haki, kwa hiyo anayeteseka ana kosa lake. Ayubu anabisha, analalamika, anataka Mungu aje ajibu mwenyewe. Mwishoni Mungu anawakasirikia watetezi wake, na anasema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu. Kila mwinjilisti, kila mwalimu wa shule ya Jumapili, kila anayejiita mtetezi wa imani angepaswa kuusoma mwisho ule kabla hajafungua mdomo.

Mwandishi C. S. Lewis aliujua ukweli huo kwa njia chungu. Alizaliwa Belfast mwaka 1898, akampoteza mama yake kwa saratani akiwa na miaka tisa, akakua akiwa mkana Mungu, kisha akaamini akiwa mtu mzima. Mwaka 1940 alitoa kitabu kuhusu tatizo la maumivu, kitabu chenye mantiki safi. Kati ya 1941 na 1944, wakati wa vita, alitoa kwenye BBC mazungumzo yaliyokuja kuwa kitabu kinachosomwa pengine kuliko vyote katika utetezi wa imani wa zama zetu. Kisha mwaka 1960 mkewe, Joy Davidman, akafariki kwa saratani. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu kidogo cha maombolezo kwa jina la bandia, na mwandishi wake alikuwa Lewis. Humo analalamika kwamba alipomwendea Mungu katika uhitaji wake alikuta mlango umefungwa. Hakukifuta kile cha 1940, wala hakuiacha imani. Aliliruhusu swali limpige na yeye, mbele ya wasomaji. Nimekutana na watu wasioamini ambao kile cha kwanza hakikuwagusa, na cha pili kiliwafanya watake kuzungumza.

Lewis huyohuyo alikuwa rais wa kwanza wa Klabu ya Socrates pale Oxford, iliyoanzishwa wakati wa vita. Ilikuwa ya Wakristo, lakini ilialika wasioamini waje waseme wanayoyasema, kisha wajibiwe. Kijana mmoja asiyeamini, Antony Flew, aliwasomea humo makala iliyochapishwa mwaka 1950 na kusumbua watu kwa nusu karne. Aliwauliza waumini: ni jambo gani likitokea mtakubali kwamba mmekosea? Kama hakuna, basi mnadai nini hasa? Ni swali la haki. Mtume Paulo alikuwa amelijibu tangu karne ya kwanza, alipowaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure. Ukristo umesimama juu ya tukio ambalo lingeweza kuwa la uongo, na mtu anaruhusiwa kulichunguza. Flew mwenyewe, mwaka 2004, akiwa mzee, alitangaza kwamba sasa anaona yuko Mungu wa namna fulani. Hakuwa Mkristo, na Wakristo hatuna haki ya kumhesabu kama ngawira yetu.

Tuje nyumbani. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikusanya mawazo kuhusu Mungu kutoka kwa mamia ya makabila ya Afrika na kuyachapisha mwaka 1970. Alionyesha kwamba kwa wazee wetu kuwepo kwa Mungu halikuwa jambo la kubishaniwa. Urithi huo ni mzuri, lakini umetuacha na upungufu: wachungaji wengi wamefundishwa kuhubiria watu ambao tayari wanaamini. Anapotokea asiyeamini, hawana lugha ya kuzungumza naye, na wengine hutafuta njia za kumnyamazisha.

Nchini Kenya, chama cha wasioamini kiliandikishwa Februari 2016. Miezi michache baadaye usajili wake ulisimamishwa kwa hoja ya amani na utulivu, kisha ukaja kurudishwa. Wapo Wakristo walioshangilia uliposimamishwa. Sikuona la kushangilia. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wa dhamiri, na ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania vilevile. Zaidi ya katiba, kuna heshima ya Mungu mwenyewe. Mungu anayehitaji msajili wa vyama amlinde dhidi ya watu wachache wenye maswali si Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo.

Na hatuwezi kuzungumzia kutoamini kwa leo bila kuitaja Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, watoto wakiwemo, wa kundi ambalo wafuasi wake wanadaiwa kufundishwa kufunga kula mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Asiyeamini akikuuliza, "Haya ndiyo matunda ya imani yenu?", usikimbilie kusema wale hawakuwa Wakristo wa kweli. Sema kwanza kwamba ni uovu. Kisha jiulize watu wazima wenye akili walifikishwaje pale. Kuna mengi, lakini moja ni wazi: mahali ambapo kumuuliza kiongozi ni sawa na kumuasi Mungu, mtu anaweza kuongozwa popote. Kanisa linaloruhusu maswali linawalinda watu wake, na uhai wao pia.

Wakristo hawakubaliani wote kuhusu njia. Karl Barth, mwanateolojia wa Uswisi, alikataa kabisa kwamba akili ya mtu inaweza kupanda hadi kwa Mungu. Kwake Mungu hujifunua mwenyewe, basi. Cornelius Van Til alifundisha Marekani kwamba hata kufikiri kwenyewe kunamdhania Mungu. Plantinga anasema muumini anaweza kuwa na haki ya kuamini hata bila hoja, kama tunavyoamini kwamba watu wengine wana akili ingawa hatujawahi kuziona. Kila mmoja ana lake la kutufundisha. Ila sijaona njia hata moja kati ya hizo inayompa Mkristo ruhusa ya kutomsikiliza mwenzake.

Kipimo changu ni Paulo alipofika Athene, kama inavyosimuliwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Alitembea kwanza, akatazama. Aliona madhabahu yao ya mungu asiyejulikana, akaanzia hapo. Alitaja maneno ya washairi wao wenyewe. Hakuficha kiini cha imani yake: alimalizia kwa kufufuka kwa Yesu, akijua kwamba wengi wangeona ni upuuzi. Wasikilizaji wakagawanyika makundi matatu. Baadhi walidhihaki. Wachache waliamini, akiwemo Dionisio na mwanamke aliyeitwa Damari. Na wapo waliosema kwamba watamsikiliza tena siku nyingine. Wahubiri wetu huwahesabu walioamini na kuwalaani waliodhihaki. Ningependa tuwathamini zaidi wale wa kundi la tatu. Mtu aliyesema "tutakusikiliza tena" ameondoka na swali likiwa hai, na Paulo hakumkimbiza ili ampe jibu la lazima siku ileile.

Basi, Mkristo mwenzangu, wiki hii akikujia mtu asiyeamini, muulize kwanza anamkana Mungu gani, na umsikilize mpaka amalize. Toa sababu zako ukijua kila moja inafika wapi: hoja ya chanzo cha ulimwengu haimfikishi mtu Kalvari, na hoja ya maadili haimfuti mama machozi. Usiseme sayansi imesema lisilosemwa na sayansi. Akikuuliza kuhusu mateso, na hujui, mwambie hujui. Petro alitutaka tuwe tayari siku zote kutoa sababu za tumaini letu, na katika pumzi hiyohiyo akaagiza upole na heshima. Hatukupewa ruhusa ya kuchagua moja na kuacha jingine.

Na wewe usiyeamini, uliyevumilia kunisikiliza hadi hapa, nakushukuru kwa dhati. Sikuombi uamini kwa sababu ya dakika hizi chache. Ninakuomba kitu kimoja: usikubali jibu la "upo tu, basi" katika jambo kubwa kuliko yote, kama usivyolikubali katika mambo madogo. Endelea kuuliza, na utudai sisi Wakristo tuulize pamoja nawe, kwa sababu Mungu tunayemwamini, kama kweli yupo, hana cha kuogopa katika swali lolote utakaloleta.